Kororo wa Pugu Wasisingiziwe, Kuku Wetu Wanauawa na Joto

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wafugaji wenzangu wa Dar es Salaam, hasa sisi wa pembezoni, kuanzia Gongo la Mboto, Pugu na Chanika mpaka kule Kisarawe, tunaofuga kuku wachache nyuma ya nyumba. Mimi ni muuguzi mstaafu, mjane, na nyumba yangu iko Pugu, upande unaoelekea msituni. Nina kuku 41, wengi wa kienyeji na machotara kidogo, pamoja na bata mzinga wanne. Hao ndio wanaonilipia umeme na sabuni, na ndio wanaowanunulia wajukuu zangu wawili madaftari.

Kilichonifanya nishike kalamu ni mambo yaliyotupata mtaani katikati ya Februari. Siku tatu mfululizo kuku walikufa katika nyumba tano zilizofuatana. Jirani yangu, tunayepakana naye ua kwa ua na ambaye kwangu ni mdogo wangu kabisa, alipoteza kuku 11 wa mayai mchana mmoja. Jioni ile ile maneno yakaanza: ni wale kororo. Wanatoka msituni, wanashuka kunywa maji huku kwetu, wametuletea kideri, ule ugonjwa wa kuambukiza unaomaliza kuku banda zima. Kulipokucha vijana walikuwa wameshatega mitego ya waya pembeni mwa kiwanja changu, na baba mmoja mtu mzima akashauri tuwamwagie mahindi yenye sumu yaishe.

Kororo ni ndugu wa kanga. Kanga wa kawaida anapenda mbugani na mashambani, na kichwani ana pembe ngumu ya mfupa. Kororo ni wa msituni. Kichwani ana kishungi cha manyoya meusi yaliyojisokota, shingo haina manyoya na ngozi yake ni ya buluu, na mwili wote ni mweusi wenye vidoa vyeupe, utadhani mtu kakaa akavidona kimoja kimoja kwa njiti. Wakati wa mvua huwaoni, unasikia tu kelele zao ndani ya vichaka. Januari na Februari msitu ukikauka, wanatoka. Kwenye kiwanja changu, chini kabisa, pana kidimbwi ambacho hakikauki upesi kwa sababu maji ya kufulia yanaishia hapo. Alfajiri kabla ya saa kumi na mbili nimewahesabu hadi tisa, mmoja amesimama mlinzi, wengine wanakunywa. Nimewaona miaka yote niliyokaa hapa na kuku wangu hawajawahi kufa kwa kuonana nao.

Lakini sitaki mtu aniamini kwa sababu ya umri wangu. Nieleze nilichokiona.

Siku ile mdogo wangu aliniita saa tisa kasoro mchana, analia. Banda lake limeezekwa mabati mapya, kuta ni za matofali mpaka juu, na dirisha ni moja, tena amelizibia nusu kwa mbao kwa kuogopa vicheche. Nilipoinama kuingia, hewa iliyonipiga usoni ilikuwa kama ya jikoni mtu anapofunua sufuria. Nilitoka nikachukua kipimajoto changu cha ukutani nikakitundika usawa wa vichanja vya kuku. Kilisoma nyuzi 39. Nje, chini ya mwembe wangu, kilikuwa kimesoma 33.

Kuku waliokufa walikuwa wale wanene, watagaji wake wazuri, na wote walikuwa wamelala kwa kifua, mabawa yametandazwa na midomo wazi. Waliobaki hai walikuwa wamesogea ukutani, wameachanisha mabawa na mwili, koo zinacheza. Nilimshika tetea mmoja wa rangi ya majani makavu, nikamwekea saa yangu ya mkononi mbele ya macho kama nilivyofanya kwa wagonjwa miaka 31. Katika sekunde 15 alipumua mara 42. Kuku aliyetulia hapumui zaidi ya mara 40 kwa dakika nzima. Upanga wake, ile nyama nyekundu ya kichwani, ulikuwa umeshaanza kugeuka zambarau. Miguu, ukiigusa, ilikuwa ya moto kuliko kiganja changu.

Nikavaa glavu nikapasua mmoja wa waliokufa. Nyama ya kifua ilikuwa imepauka, kana kwamba imeshamwagiwa maji yanayochemka. Nilitafuta vile vidoa vya damu ambavyo kideri huviacha kwenye tumbo dogo kabla ya firigisi, sikuviona. Hakuna aliyeharisha kijani, wala aliyepinda shingo au kuburuta bawa. Na jambo kubwa kuliko yote ni hili: katika nyumba zote tano, kuku walikufa kati ya saa saba na saa kumi jioni. Usiku hakufa hata mmoja. Kideri hakiangalii saa, jamani. Kikiingia bandani kinaua usiku na mchana, vifaranga na wakubwa, na kinaendelea siku baada ya siku.

Dalili ilikuwepo hata kabla ya vifo, ila hatukuijua maana yake. Wiki nzima nyuma, muuza chipsi wa kituoni alikuwa amemrudishia mdogo wangu trei mbili za mayai, anasema yanamvunjikia mkononi. Mdogo wangu akadhani chakula alichouziwa kimechakachuliwa. Kumbe ni joto. Kuku hana jasho, mwenzangu. Mwili wake kwa kawaida una nyuzi 41 hivi, na njia yake kubwa ya kuupoza ni kuhema, unyevu wa kooni ugeuke mvuke uondoke na joto. Akihema kupita kiasi anatoa hewa ya kaboni nyingi mno, na ganda la yai linajengwa kwa chokaa pamoja na hewa hiyo hiyo. Ndiyo maana ganda linakuwa jepesi kama karatasi. Ukiona hivyo mwezi wa kwanza au wa pili, usikimbilie kumlaumu muuza chakula, ingia bandani saa nane mchana ukae dakika kumi. Ukishindwa wewe, na kuku ameshindwa. Joto la mwili wake likifika nyuzi 46 au 47, hakuna dawa.

Hapa ndipo moyo unaponiuma. Katika zile siku tatu majirani walikwenda duka la dawa za mifugo, wakauziwa dawa za kuua vijidudu za makopo kwa makopo, wakachanganya kwenye maji. Mmoja alitumia pesa ya kuku watatu kununua dawa ya kuku waliokuwa wanakufa kwa kukosa dirisha. Kazini kwetu tulifundishwa kwamba kabla hujashika sindano, mtazame mgonjwa. Dawa zile hazipozi mwili. Tena maji yalivyobadilika ladha, kuku walipunguza kunywa, siku ambayo walihitaji kunywa mara mbili.

Basi tufanye nini? Mimi nitasema ninayoyafanya, na yote ni ya bei ndogo.

Kwanza maji, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo wengi tunapokosea. Siku ya jua kali kuku mkubwa anaweza kunywa nusu lita. Kuku 40 ni ndoo nzima ya lita 20, na watu wengi nimekuta wameweka sahani mbili za plastiki asubuhi, saa sita zimekauka. Na maji yenyewe yanatoka wapi? Tangi letu ni jeusi, liko juu ya mnara, mpira umelala juani. Saa nane ukifungua, maji yanayotoka unaweza kukorogea chai. Kuku hanywi maji ya moto. Mimi nateka alfajiri, naweka kwenye vyungu viwili vya udongo chini ya mwembe, chungu kinapoa chenyewe. Saa sita na saa tisa namwaga yaliyobaki, naweka mengine. Vyombo vya kunywea navitawanya sehemu nne, maana kuku mnyonge akifukuzwa na wenzake kwenye chombo kimoja anakaa na kiu yake.

Chakula nawapa saa kumi na mbili asubuhi na tena saa kumi na moja jioni. Mchana hapana. Tumbo likisaga chakula linatoa joto lake, ukimjaza pumba na mahindi saa sita umemwongezea moto ndani. Mchana nawatupia maganda ya tikiti maji na mchicha. Matikiti msimu huo yamejaa barabarani, wauzaji wanakupa maganda bure ukienda na kiroba.

Banda ni jambo la upepo. Sisi wa pwani tuna shida ambayo ndugu zetu wa Dodoma hawana: hewa yetu ina unyevu. Mtu anasikia kwamba kumwagia maji sakafu na kuta kunapoza, anafunga mlango, anamwagia. Dodoma hewa ni kavu, maji yanakauka na kuondoka na joto. Dar es Salaam ukimwagia ndani ya banda lisilo na upepo unatengeneza mvuke, na kuku ambaye kupona kwake ni kutoa unyevu kooni hana pa kuutoa. Fungua kuta kwanza. Banda langu lina tofali hadi kwenye goti tu, juu ni waya wa matundu madogo pande mbili ndefu, kwa hiyo kicheche haingii na kaskazi inapita. Urefu wa banda umelala mashariki na magharibi ili jua la asubuhi na la jioni lipige ncha tu. Juu ya bati nimelaza makuti, na kabla sijapata makuti nilikuwa napaka chokaa nyeupe kila Desemba, nayo inasaidia. Mdogo wangu tumembomolea ukuta kozi sita kila upande kwa siku moja, mimi, yeye na fundi mmoja. Tulipopima tena wiki hiyo hiyo, saa nane mchana, kipimajoto kilisoma 34.

Na miti. Mwembe mmoja na miarobaini miwili ndivyo vinavyowalea kuku wangu kuliko mimi. Wamechimba mashimo chini yake, wanajilaza kwenye udongo wa baridi mchana kutwa. Naona watu wanajenga, wanang'oa kila kitu hadi ardhi inang'aa, kisha wanauliza kwa nini kuku hawatagi.

Anayeanza leo namshauri atafute kuku wa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni. Wazee hawakuwapenda bure. Ile shingo tupu inatoa joto, na katika joto la Februari hao ndio wangu wanaoendelea kutaga bila kusita.

Ukimkuta kuku ameshalegea, usimmwagie maji ya barafu. Mtie kwenye beseni la maji ya kawaida mpaka kifuani, kichwa kibaki juu, dakika chache, kisha mweke kivulini penye upepo na umdondoshee maji mdomoni kidogo kidogo. Yule tetea wa rangi ya majani makavu alipona hivyo. Jioni saa kumi na mbili alikuwa anadonoa, na siku ya tano akataga.

Sasa nirudi kwa kororo, maana sisemi kwamba ndege wa porini hana neno. Kanga na kororo wanaweza kupata kideri kama kuku, na mimi sitaki wale chombo kimoja na kuku wangu. Kwa hiyo vyombo vyote vya chakula na maji viko ndani ya waya, punje zilizomwagika tunafagia kila jioni, na kidimbwi kiko hatua 60 kutoka bandani, na uzio wa matete katikati. Bata mzinga wangu nawafungia peke yao hata kwa kuku, kwa sababu kuku anabeba minyoo yenye kimelea ambacho yeye hakimsumbui sana lakini bata mzinga kinamla ini. Hilo nililijifunza kwa kupoteza vifaranga saba.

Lakini tukisema kweli, kideri kinapoingia Pugu kinaletwa na nani? Kinaletwa na sisi. Tunanunua jogoo mmoja mnadani Jumapili, tunamtupa moja kwa moja katikati ya wengine. Tenga lililobeba kuku wagonjwa linazunguka mitaa minne kwenye pikipiki moja. Kuku akifa tunamtupa jalalani, kunguru wanamgombania, wanamdondosha utumbo wake kwenye ua wa mtu mwingine. Kunguru ndiye anayekunywa maji kila nyumba, na hakuna anayesema atege kunguru. Chanjo ya kideri ipo, ile ya tone moja la jicho inayostahimili joto, na ukiirudia kila baada ya miezi mitatu unalala usingizi. Kuku wangu wote wamechanjwa. Katika zile nyumba tano niliuliza, waliochanja walikuwa wawili.

Binti yangu anafanya kazi ya kutunza wazee huko Marekani, karibu na Boston. Nilipomweleza kwenye simu habari ya sumu na mitego, alinitumia picha: bata mzinga wa porini, dume, ametandaza mkia katikati ya barabara, magari yamesimama yanamsubiri. Kule ndiko asili ya bata mzinga, wanalala juu ya miti kama kororo wetu. (Hata wataalamu waliwachanganya na kanga: jina la kisayansi la bata mzinga, Meleagris, ni jina la kale la Kigiriki la kanga.) Akaniambia, mama, hawa unaowaona waliwahi kwisha kabisa. Katika jimbo lake la Massachusetts watu waliwinda na kufyeka misitu hadi kufika 1851 hapakuwa na hata mmoja. Zaidi ya miaka 120 baadaye, mwaka 1972 na 1973, ilibidi wakamate ndege 37 jimbo jirani la New York, wawalete na kuwaachia msituni waanze upya. Leo wanatembea mitaani kwa maelfu. Nilikaa na ile picha muda mrefu. Wenzetu walihangaika kurudisha walichokimaliza, na sisi tunacho hapo nyuma ya choo, tunataka kukimwagia sumu kwa kosa la bati na dirisha.

Sumu ile isingechagua, isitoshe. Mahindi yale yangeliwa na njiwa, na kuku wetu wenyewe, na mtoto anayeokota. Tena ni kosa. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kuwinda bila kibali, na msitu ulio juu yetu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi, si shamba la mtu.

Ombi langu kwa maofisa mifugo wa kata zetu ni kwamba ule mkutano wa wafugaji unaofanyika magonjwa yakishaingia ufanyike Novemba, kabla kaskazi haijaanza kuvuma, na agenda ya kwanza iwe banda na maji. Kwa wenye viwanda na maduka ya vyakula vya mifugo, naomba muwafundishe wauzaji wenu kumuuliza mteja swali moja kabla ya kumpa dawa: kuku wanakufa saa ngapi? Na wewe Mhariri, ukurasa wako wa kilimo ukitoa picha ya banda la wazi na la matofali, yakae pamoja, utakuwa umeokoa kuku wengi wa Mbagala, Kivule na Kigamboni kuliko mimi na barua hii.

Vijana waliotega niliwaita nyumbani, wakaja wanne. "Shikamoo bibi," wakasimama mlangoni wameinamisha vichwa. Sikuwagombeza. Niliwapeleka bandani kwa mdogo wangu, nikampa kila mmoja kuku na nikawashikisha saa, wahesabu pumzi. Mkubwa wao alihesabu mara mbili kwa kutoamini. Kesho yake waliniletea mitego saba ya waya, nikaikunja nikaiweka darini, na wawili kati yao sasa ndio wanaonitekea maji alfajiri. Jumanne iliyopita mmoja alinigongea dirisha taratibu kabla hakujapambazuka: kororo wamekuja, na safari hii wana watoto.

Mfugaji wa Pugu,
Dar es Salaam
(Jina langu kamili nimemwachia Mhariri)